Hina ya Mama

Siku hizi wa kwanza kukwambia unaumwa si daktari, ni kucha zako. Sote tumechanjwa chembe za maabara, ndogo kuliko vumbi. Zikigundua ugonjwa kwenye damu, kucha zinageuka buluu. Ndiyo maana bibi harusi hapakwi tena hina kwenye kucha: wakwe lazima wazione.

Asubuhi ya harusi yangu, shangazi yake Khalfani, bwana harusi wangu, alinishika vidole kimoja kimoja, akavielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nilibana pumzi. Kucha zote kumi zilikuwa za waridi.

"Mashallah," alisema. "Na mama mtu je? Maana mengine hurithiwa."

Mama akatokea jikoni, vidole vyote vimefunikwa na hina mbichi. "Utaniwia radhi, dada. Nilikuwa nakoroga hina ya wageni."

Shangazi alicheka, akatoka akipiga vigelegele.

Mimi sikucheka. Mama hukoroga hina kwa mwiko, na tangu baba afariki hajajipaka hata tone. Nilichota maji haraka nimnawishe. Akaficha mikono mgongoni.

"Iache kwanza, mwanangu," alininong'oneza. "Iache ikolee."