Blanketi la Saa Saba Mchana

"Vua blanketi langu, Shomvi! Vua sasa hivi, kabla sijakuvua mwenyewe mbele za watu!"

Bi Msimu alisimama mlangoni kwa jirani yake, upawa mkononi, na wapangaji wote walikwishatoka vyumbani kuja kusikiliza. Shomvi alijikunyata mkekani. Tangu ajifungie chumbani kutafakari, akinywa kikombe kimoja tu cha uji kwa siku, baridi ilimwingia mpaka kwenye meno, ingawa nje jua lilikuwa likikaanga mabati. Asubuhi alikuwa ameanua blanketi kambani bila kuuliza ni la nani.

"Nina baridi, dada. Nikimaliza kutafakari nitalifua nikurudishie."

"Baridi gani saa saba mchana? Hiyo njaa, baba! Unatafakari nini na tumbo linanguruma kama jenereta?"

Watu wakaangua kicheko. Walikuwa wakingoja tu ashindwe na njaa, naye akaapa kimoyomoyo kwamba hawataliona hilo. Akalikunja blanketi, akamfuata Bi Msimu nalo hadi jikoni kwake.

Bi Msimu alilipokonya, akafunua sufuria ya maharage ya nazi. Kisha, bila kumtazama, akasema lile neno ambalo hata adui huambiwa akikukuta unapakua, na ambalo jibu lake kila mtu analijua: ahsante, nimeshiba.

"Karibu."

Shomvi akafungua kinywa ajibu. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya mvuke.