Kamera ya Juu ya Kitanda

"Andika kwenye faili kwamba mama anaweweseka," nilimfokea nesi. "Anadai eti sijaja kumwona siku tatu, na mimi nimemganda kama kupe!"

Nesi alinigeuzia kompyuta inayopokea picha za kamera ya juu ya kitanda, ile inayotambua wagonjwa waliochanganyikiwa. Alama ya mama ilikuwa kijani siku zote tatu.

"Akili yake ni timamu," alisema, akarudisha picha za jana.

Nilijiona kitini, nimeinamia simu. Mama aliunyoosha mkono mpaka vidole vikanigusa goti. Sikuinua hata uso. Niliusukuma kando kama mtu anayefukuza nzi.

Mama aliurudisha taratibu, akaufunika kwa shuka.

Nesi alishika kalamu bila kunitazama.

"Haya, kaka. Niandike nini?"