Vijiji vya Kwenye Kalenda

Bakiri alitundika blanketi dirishani, akafunga mlango, kisha akaingiza kichwa chote ndani ya koti lake la baridi, sauti za mtaani zisinaswe. Joto la Januari lilikuwa linachemsha mabati. Akabonyeza simu kurekodi ujumbe wa sauti, akasema huku jasho likimtiririka mashavuni:

"Biubwa mdogo wangu, leo baridi imenikamata kisawasawa. Nimeamkia kijiji cha mawe matupu, mawe mpaka barabarani. Juu ya mnara wa kanisa korongo wamejenga kiota kikubwa kama tenga la kuku. Ukitoka hapo ni miti ya mialoni tu, mpaka macho yachoke. Wameichuna magome, vigogo vimebaki vyekundu kama mtu aliyebabuka. Chini yake nguruwe weusi wanaokota matunda yaliyodondoka. Usiogope. Mimi nao tunapishana kama wakwe."

Akatuma. Akachomoa kichwa, akahema.

Uhispania hakuwahi kufika. Nchi alizipita nyingi, kwa malori na kwa miguu, tangu alipotoka Tanga ndevu hazijaota, na zote zikamwishia La Rochelle, Johannesburg, katika chumba cha uani. Uhispania yake ilikuwa kalenda ya 2016, aliyoiokota katika ofisi ya watu wa safari kule Randburg anakofagia. Picha zote alishazisimulia, sasa alikuwa anazirudia kwa kuzigeuza: kijiji cha bondeni leo anakipandisha mlimani.

Ilianza mwaka juzi, Biubwa alipofiwa na mume. Akampigia kaka yake: "Kwa mama tumebaki wawili, kaka. Nataka nije huko, tuzeekee nyumba moja."

Bakiri akatazama kitanda chake kilichopandishwa juu ya kreti za soda, na sufuria yake moja. Miaka yote alikuwa anamwambia ana nyumba yenye bustani. Ulimi ukamponyoka.

"Umechelewa, mdogo wangu. Nimepata kazi Uhispania. Kesho naondoka."

Biubwa alikaa kimya siku nyingi, Bakiri akadhani kasusa. Halafu ikaja sauti yake, imechoka kweli kweli: "Kumbe ulishaondoka, kaka. Haya. Mie nipo hapa hapa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bakiri iligeuka ndefu, na haikuwa na mtu mwingine ndani yake. Watanzania wa La Rochelle neno haliwalali mdomoni: likitamkwa dukani leo, kesho liko Tanga. Basi ikabidi naye aondoke kweli. Alimuaga Chiku, msusi aliyekuwa akimpangisha, akamwambia anakwenda Ulaya. Akahamia mtaa wa nyuma tu, ndiko alikopata chumba. Msikiti wa jirani akauacha, duka la Waswahili akaliacha. Alitoka alfajiri, akirudi kofia imemfunika macho. Ikawa hakuna tena anayemwita kwa jina, isipokuwa ile simu. Na Biubwa siku akijua, atajua jambo moja tu, kwamba kaka yake alimkimbia. Hapo hata simu haitalia.

Mtu mmoja alimpa tabu: mama wa mahindi. Kila alasiri alipita akisukuma toroli la supamaketi, gurudumu moja linalia kama paka, mwenyewe anayanadi kwa lugha ya huko: "Miliiiz... eish... miliiiz." Ile "eish" alikuwa anavuta pumzi, maana ni kilima. Huumaliza kwanza mtaa wa Chiku, ndipo aingie wa Bakiri. Akisikika kwa mbali, Bakiri humalizia haraka au hunyamaza. Uhispania hakuna mama wa mahindi.

Simu ikalia. Ni ujumbe wa sauti wa Biubwa. Siku hizi sauti yake nzito, kama mtu aliyejifunika kanga gubigubi. Bakiri aliilaumu simu ya dada yake, ya bei chee.

"Kaka, hao nguruwe wasikuzoee, utakuja kutuaibisha. Ila nikuulize. Kila kijiji unanisimulia milango, madirisha, minara. Watu mbona huwataji? Hakuna hata mmoja anayekwambia karibu?"

Bakiri akaitazama kalenda ukutani. Akafunua Februari, akafunua Machi, akafika Desemba. Kweli. Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Safari hii hakuingiza kichwa kwenye koti.

"Hapa hakuna mtu, Biubwa," alisema. "Ningekuwa na pa kukuweka, ningekuita leo hii, tukae wawili."

Alikuwa ameshatuma ndipo akajisikia alichosema. Akakaa kitandani, simu mkononi, kama mtu anayengoja hukumu.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, Biubwa alianza kwa kicheko, kicheko chenyewe hakikufika mbali.

"Usiseme hivyo, kaka, utaniliza bure. Ningekuja, lakini huko mbali. Mie na Tanga yangu sina upweke. Majirani tele, watoto wanaingia wanatoka. Hivi sasa hapa nimepika..."

"Miliiiz... eish... miliiiz."

Bakiri akausimamisha ujumbe, mama wa mahindi apite kwanza. Akatega sikio. Mtaa ulikuwa kimya, hata mbwa hakubweka.

Akabonyeza tena.

"...nimepika samaki wa nazi," Biubwa akaendelea, na nyuma ya sauti yake, huko huko Tanga, gurudumu lilikuwa linalia kama paka.

Bakiri akalivuta blanketi dirishani. Toroli ndiyo kwanza lilikuwa linakata kona, likitokea mtaa wa Chiku.