Kinanda Kisichotulia

Kwa mara ya saba tangu asubuhi, Tunu alibonyeza kinanda alichokiunda kwa mikono yake, na kwa mara ya saba sauti ikaanza vizuri, kisha ikateleza chini.

"Harusi ni alasiri, mwanangu," alisema Bi Zeyana, aliyeajiriwa kuimba.

"Sauti yake inafuata nguvu ya umeme, mama. Umeme ukipanda nayo hupanda, ukipungua hushuka. Na umeme wenyewe anaumaliza yule!" Tunu aliinyooshea bisibisi mashine ya kusaga ya jirani, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Alikwisha kwenda kumsihi mara mbili. Jirani alimjibu kwamba watu hawali muziki.

Tunu akakigeuzia kinanda bisibisi akifumue chote. Bi Zeyana akamzuia mkono. "Hebu bonyeza tena."

Sauti ikateleza. Safari hii Bi Zeyana akaimba, akashuka nayo polepole mpaka chini kabisa, na Tunu akasisimka mwili mzima.

Mngurumo ukakatika. Jirani, uso mweupe kwa unga, alichungulia juu ya ukuta apate kusikiliza. Sauti ya kinanda ikaanza kupanda, ikimwacha Bi Zeyana chini.

"Washa!" Tunu alipiga kelele, kidole kingali juu ya kitufe. "Washa mashine yako, baba!"