Bosi Jikoni Kwangu

Siku hizi bosi akikubakisha kazini baada ya saa kumi jioni, adhabu yake ni kwenda kwako kufanya kazi za nyumbani mpaka urudi. Sheria ilipopita, nilipiga vigelegele.

Leo tena nimemkuta meneja wetu wa kiwanda, Bwana Shekilindi, anasonga ugali jikoni kwangu. Nikamnyooshea mikono binti yangu, Hiba. Akajificha nyuma ya miguu ya meneja.

"Kanizoea, Mama Hiba," meneja akacheka. "Kesho pia utabaki?"

"Kesho saa kumi naondoka, hata mashine ziwake moto. Nawe ukitaka mtoto wa kulea, zaa wako!"

Nikampokonya mwiko, nikamfungulia mlango.

Alipotoka tu, Hiba akaangua kilio: "Baba!"