Ukungu Mweupe wa Runyenjes

Majani yalikuwa masafi. Ntinyari aliuzunguka ule mti wa kahawa, akageuza jani moja baada ya jingine, asione ila kijani kitupu.

"Oscar, shetani wewe!" alifoka katikati ya shamba.

Mwezi uliopita mti huu ulijaa kutu, ule ugonjwa wa madoa ya rangi ya chungwa, na juu ya kutu kukaota ukungu mweupe ulioitafuna kutu yenyewe. Kuvu kula kuvu mwenzake! Ntinyari alikimbiza jani moja hadi maabara, na DNA ikamwonyesha maajabu: ukungu ule haukuwa na ndugu wa karibu hata mmoja kati ya wote wanaojulikana. Tawi jipya la ukoo! Kisha stima zikapotea, friji ikazima, jani likaoza. Bila jani jingine nani angemwamini? Shahada yake yote ilining'inia hapo.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu akija anakuta majani yenye ugonjwa yamechumwa yote. Na nani mwingine aliyeutaka ukungu huo kama si Oscar, mwanafunzi mwenzake, aliyeiona picha ya jani lile akameza mate?

Alimpigia simu palepale.

"Umeniibia majani!"

"Ntinyari, mimi niko mjini Maua wiki nzima. Huko Runyenjes hata sijawahi kanyaga."

"Mwongo mkubwa! Nimeshaandikia chuo barua. Wakikufukuza nitapiga makofi."

Akakata simu. Lau Oscar angetokea pale, angemzaba kofi.

Cucu Ciakuthii, yule nyanya mwenye shamba, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akimtazama. Ntinyari alikuwa amemwomba ruhusa ya kuangalia kahawa tu, basi. Habari za ukungu angeanzia wapi kumweleza mzee wa watu? Hata hivyo Cucu alimpenda, akimwita daktari, na hakuna Jumatatu aliyoacha kumfagilia njia.

"Cucu, niambie ukweli. Kuna kijana anakujanga hapa kuchuma majani? Nitamfunga, haki ya Mungu!"

"Kijana gani? Hapa haingiangi mtu." Cucu alimshika mkono, uso umemng'aa. "Ile siku ya kwanza uliniaibisha, daktari. Mgeni ametoka chuo kikuu, anapata kahawa yangu inaugua hivyo! Nikasema hapana, hatarudi kuona uchafu kwangu. Kila Jumatatu naamka mapema, nachuma yale mabaya yote, nachoma."

Ntinyari aliketi chini palepale.

"Usijali, sijachoka," Cucu alisema, akimpigapiga mgongoni. "Leo nimechoma hata ya majirani."