Chumba Kisicho na Dirisha

"Dirisha toa," alisema Kasmir. "Sitaki hata moja."

Kamla aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Tangu bidhaa za nje zilipoanza kumiminika nchini, duka lake la Kariakoo lilikuwa likiuza programu za kuchorea nyumba kwa watu wasio na pesa ya kumlipa msanifu. Kila mteja alitaka madirisha, tena makubwa. Lakini jitu hili, mchomeleaji wa mageti kutoka mtaa wa Gerezani, lenye miwani myeusi usoni na shati la mikono mirefu kwenye joto la Januari, lilitaka chumba kimoja tu cha kuongeza nyuma ya nyumba yake ya Magomeni.

Alikuwa ameshamwonyesha programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ghali, ilichora mpaka mapazia na mbwa aliyelala kibarazani. Ya pili ilikuwa rahisi, ilichora kuta, milango na dari, basi.

"Hiyo rahisi yanitosha," Kasmir alisema. "Ukuta uwe wa tofali mbilimbili. Mlango wa chuma nitauchomelea mwenyewe. Mtu agonge mpaka achoke, usifunguke."

Kamla aliacha kubofya. Chumba gani hicho kama si cha kumfungia mtu? "Humo mtu atakufa kwa joto," alisema, akijikaza. "Angalau tuweke tundu darini, lenye mfuniko. Hewa itapitia stoo ya juu ya dari."

Kasmir alifikiri sana. "Haya. Liwe dogo. Na mtu asiye wa humo asijue kama lipo."

Printa ilikuwa bado inakwaruza karatasi mwanamke alipoita kutoka barabarani. "Kasmir! Hebu toka nje!"

CD ya programu ikamponyoka Kasmir mkononi. Akatoka bila kuaga. Punde zikasikika kelele, na Kamla alipofika mlangoni alikuta jitu limemshika mkewe mikono yote miwili, limembana kwenye nguzo ya umeme. Mwanamke mwenyewe mwembamba, huna pa kumshika! Mkono wa kulia umefungwa bandeji, mdomo umejaa damu mpaka inamdondokea kifuani.

"Mwanaume mzima unampiga mwanamke?" mtu alipaza sauti.

Loo, Kariakoo hiyo! Wauza mitumba, wabeba mizigo, hata mama wa vitumbua, wote walimvamia. Mateke, ngumi, mikanda. Kamla naye alishikwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Alinyakua kibodi kuukuu, akamtwanga nayo Kasmir kichwani, vitufe vikaruka mpaka mtaroni. Ajabu, jitu halikurudisha hata kofi. Lilijipenyeza katikati ya miguu ya watu, likakimbia kuelekea Gerezani huku limeshika sikio lililochanika.

Kamla alimwingiza mwanamke dukani, akampa maji. Mwanamke alisukutua, akatema wekundu kwenye ndoo. Akasema anaitwa Benedikta.

"Mkono huo umefanyaje, mdogo wangu?"

"Nimejigonga mlangoni, dada." Akaangalia chini.

Mlangoni! Hata Nirali, dada yake Kamla, leo alikuwa akisema mlango, kesho anasema ngazi, mpaka siku alipotolewa nyumbani kwa mumewe amefunikwa shuka. Ukoo mzima ulikuwa umemwambia avumilie. Kamla hakuwa tayari kuliona jambo hilo mara ya pili, hata kama angechomewa duka.

Akachapa nakala nyingine ya ramani, akaitandaza juu ya kaunta.

"Sikiliza. Mumeo anakujengea jela. Kuta nene, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Lakini hapa darini kuna tundu, nimeliweka mimi. Ukisukuma mfuniko unatokea stoo. Usimwambie kama unajua."

Benedikta aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliweka kidole penye stoo, akakisogeza polepole mpaka chumbani.

"Mfuniko haufungwi?"

"Haufungwi."

Hapo Benedikta alimwangukia Kamla kifuani, akalia kwa kwikwi. Kamla naye akalia, maana safari hii, alijiambia, kuna mmoja atakayepona.

Kesho yake Kasmir alirudi. Uso ulikuwa umevimba, sikio limeshonwa nyuzi.

"Mama, kuhusu jana..."

"Sitaki maneno yako. Chukua CD na karatasi yako, uende zako."

Alivichukua, lakini hakuondoka. Alitazama mlangoni, kisha akaongea chinichini. "Ramani hii kuna mwingine aliyeiona?"

"Hakuna," alisema Kamla, akimkazia macho bila haya. Moyoni alikuwa akimwambia: utanitambua.

"Mungu akubariki, mama," Kasmir alisema, tena kwa unyenyekevu, na unyenyekevu huo ulimchefua Kamla kuliko matusi.

Masika yalikuja yakaisha. Kila siku Kamla aliwaza kama chumba kimekamilika, na kama yule mwembamba bado anapumua. Asubuhi moja Benedikta akaingia dukani akiwa amevaa gauni jipya, mkono hauna bandeji, uso unang'aa. Kamla aliruka kutoka kwenye kiti, akamkumbatia.

"Umepona, mdogo wangu! Lile tundu limekusaidia?"

"Mno, dada," alisema Benedikta, akiweka juu ya kaunta mfuko wa samaki wabichi wa soko la Feri. "Kila nikianza kumpiga alikuwa anakimbilia humo, anajikomea. Jana nimemngoja alale, nikamshukia kutoka juu na nyundo yake mwenyewe."